Swali la saba: mgonjwa akisema ana gesi, amesema nini?

Mhariri,

Juma lililopita binti wa kaka yangu alikuja kwangu Jericho na bahasha kwapani. Anasomea upasuaji, na kama wenzake wote wa shahada ya uzamili hana budi kufanya utafiti. Wake unahusu kuziba kwa utumbo: wagonjwa hufika na dalili zipi, hugunduliwa vipi, nani apasuliwe mara moja na nani asubiri kwa dripu na mpira wa puani. "Shangazi," akaniambia, "wewe umekaa wadi za upasuaji miaka thelathini na mmoja. Hebu nisomee hii fomu kabla sijaipeleka kwa kamati ya maadili." Nikavaa miwani. Nilipofika swali la saba niliweka kalamu chini.

Kwa Kiingereza swali hilo linauliza kama mgonjwa bado anapitisha upepo kwa njia ya haja kubwa. Kando yake, kwa Kiswahili, imeandikwa: "Je, una gesi?"

Ninaomba nafasi katika ukurasa wenu kwa ajili ya maneno hayo matatu.

Utumbo huziba kwa njia nyingi. Hujisokota wenyewe, hunaswa ndani ya ngiri, hubanwa na kamba za kovu zilizoachwa na upasuaji wa zamani, au huzibwa na uvimbe wa saratani. Kwa watoto wachanga kipande kimoja huingia ndani ya kingine kama mkono wa sweta. Vyovyote iwavyo, juu ya kizuizi maji na hewa hujaa, ukuta wa utumbo hunyooka kupita kiasi, mwili hupoteza maji na potasiamu, na ikiwa damu imekatizwa, utumbo huanza kufa. Tulifundishwa dalili nne: maumivu ya kuja na kuondoka kama uchungu wa uzazi, kutapika, tumbo kufura, na kukoma kwa choo pamoja na upepo. Hiyo ya nne ndiyo hasa humtenga aliyeziba na yule aliyefunga choo tu. Aliyefunga choo kwa sababu ya chakula bado hujamba. Aliyeziba kabisa hajambi. Nisamehewe neno hilo, maana nitalirudia.

Sasa mtu wa Nairobi akisema "nina gesi", anasema nini? Anasema tumbo limemjaa, limekaza, linanguruma, na hiyo hewa imekataa kutoka. Kwa hiyo yule ambaye upepo umemkatika kabisa ndiye atakayejibu "ndiyo, ninayo nyingi sana" kwa sauti kubwa kuliko wote. Na karani atatia alama kwenye kisanduku cha "ndiyo", kumaanisha upepo unapita. Jibu limeandikwa kinyume chake, na hakuna aliyedanganya.

Najua hivyo kwa sababu alama kama hiyo niliitia mimi.

Ilikuwa mwishoni mwa 1997, wakati wa mvua za El Niño, katika hospitali moja ya umma hapa mjini. Usiku aliletwa mzee mmoja, mlinzi wa ghala huko Industrial Area, suruali imelowa hadi magotini kwa sababu barabara ya kutoka Mukuru ilikuwa maji matupu. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma. Wakati huo daktari mmoja alikuwa akikusanya takwimu za utafiti wake kuhusu maumivu ya tumbo, na fomu zake zilikaa mezani kwetu. Sisi wauguzi ndio tuliouliza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza. Nilimuuliza, "Mzee, una gesi?" Akanijibu, "Iko nyingi, binti yangu. Tumbo lote ni gesi." Nikatia alama. Katika faili la matibabu pia nikaandika hivyo hivyo.

Daktari mwanagenzi aliyekuwa zamu alisoma nilichoandika, akaona ni kufunga choo. Akaagiza enema, yaani maji ya kulainisha choo yanayopitishwa kwa njia ya haja kubwa, na kumtazama hadi asubuhi. Simlaumu. Alisoma kwamba upepo unapita. Asubuhi picha ya eksirei ilipopandishwa kwenye taa, daktari mkuu hakuhitaji hata kuikaribia: utumbo mpana ulikuwa umefura na kujikunja katikati mithili ya punje kubwa ya kahawa. Huo ni utumbo uliojisokota upande wa chini. Ukiwahiwa ungali hai, mara nyingi mpira hupitishwa kwa njia ya haja kubwa, hewa ikafoka, mgonjwa akapata nafuu palepale, na upasuaji ukapangwa kwa utulivu siku nyingine ili usijisokote tena. Wa mzee walipoufikia ulikuwa mweusi. Alikufa siku ya nne baada ya kupasuliwa. Miaka mingi baadaye nilisoma utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia wagonjwa 11,422 wa upasuaji katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Ulionyesha kwamba karibu vifo vyote vilitokea baada ya siku ya upasuaji yenyewe, kule wadini, na kwamba wagonjwa wetu hufa mara mbili zaidi ya wastani wa dunia ingawa ni vijana kuliko wa kwingine. Nilisoma nikamkumbuka yeye.

Kinachoniuma zaidi ni ile fomu. Faili la matibabu daktari mkuu alilisahihisha kwa mkono wake asubuhi ile. Fomu ya utafiti hakuna aliyeigusa. Ilikwisha kuwekwa kwenye bunda. Katika jedwali la tasnifu ile, popote ilipo, mzee wangu amehesabiwa miongoni mwa waliokuwa wakitoa upepo. Na yeyote atakayelisoma jedwali lile atajifunza kwamba mtu anaweza kuwa na utumbo uliojisokota na bado upepo ukapita vizuri. Atamfundisha mwanafunzi wake hivyo.

Binti alipinga, na ni haki yake. Alisema fomu imetafsiriwa kwa utaratibu: mmoja aliitia katika Kiswahili, mwingine asiyeiona ile ya kwanza akairudisha katika Kiingereza, kisha zikalinganishwa. Nikamwambia ajaribu hapo hapo mezani. "Je, una gesi?" irudi Kiingereza inakuwaje? Inarudi "Do you have gas?", na anayelinganisha ataipitisha, kwa sababu hata Kiingereza chenyewe kina utata uleule. Mizani ile haiwezi kupima kosa hili. Tafsiri inaonekana sahihi na jibu si la kweli. Kinachotakiwa ni kumkalisha mtu wa kawaida, umsomee swali, kisha umuulize: wewe umeelewa nimekuuliza nini?

Nilifanya hivyo Jumamosi kwenye chama chetu. Nikauliza akina mama wenzangu, "Mtu akiambiwa 'umetoa gesi?' anaulizwa nini?" Mmoja akasema kubeua. Mwingine akasema ni kujamba, akafunika mdomo kwa leso. Mama mmoja wa asili ya Kisii, ambaye amezaa watoto sita, alisema yeye angefikiri anaulizwa kama amekunywa dawa ile ya unga ya kuondoa gesi. Nilipobadilisha nikasema "umetoa hewa?", mmoja akavuta pumzi na kuitoa kunionyesha. Kamati yoyote ya maadili ingekaa nasi nusu saa ile ingeirudisha fomu bila mjadala.

Wapo watakaosema hili ni jambo dogo la lugha, na sayansi iko kwenye skani na damu. Hapana. Skani ya CT ni msaada mkubwa, huonyesha kizuizi kiko wapi na kama utumbo unakosa damu, lakini mtu haingizwi kwenye skani kabla ya mtu mwingine kumshuku, na kumshuku kunaanza na mdomo. Zaidi ya hapo, angalieni tafiti kubwa zenyewe zinapima nini. Kuna tafiti nyingi kuhusu kutafuna chingamu baada ya upasuaji wa tumbo ili utumbo uliolala uamke mapema. (Huo ni utumbo uliolala, si ulioziba. Asitokee mtu akampa chingamu mgonjwa aliyeziba.) Mwaka 2015 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walizijumlisha tafiti 81 zenye washiriki 9,072, wakaona waliotafuna walitoa upepo wa kwanza takriban saa 10 mapema kuliko wengine kwa wastani. Saa hizo zinapimwa kwa mashine gani? Hakuna mashine. Zinapimwa kwa mgonjwa kumwambia muuguzi, "Tayari." Hesabu yote ya watu elfu tisa inakaa juu ya neno hilo moja, na juu ya muuguzi aliyeuliza kwa namna ambayo mgonjwa ameelewa na hakuona aibu kujibu.

Aibu ndiyo sehemu ambayo vitabu havinisaidii. Kijana wa miaka ishirini na sita hawezi kumsimamia mzee wa umri wa babu yake mbele ya wagonjwa wengine kumi na kumwambia, "Unajamba?" Ni tusi. Kwa hiyo analikwepa neno, anashika "gesi", na hapo ndipo maana inapopotea. Baada ya yule mzee nilijifundisha njia yangu. Navuta pazia. Kama hakuna pazia, nainama hadi sikioni. Nasema, "Mzee, niwie radhi kwa neno nitakalolitamka, ni la kazi: tangu tumbo lianze, umejamba?" Sijawahi kumuona mzee aliyekasirika. Wengi hushusha pumzi kwa kuwa mtu amelisema kwa niaba yao. Kwa mama wa umri wangu nasema "upepo umetoka chini?", naye huelewa. Na wadini, siku ya tatu baada ya upasuaji, mgonjwa aliyeulizwa hivyo tangu mwanzo ndiye atakayekuita mwenyewe kukupa habari njema, na majirani wa vitanda wanampongeza. Hayo nimeyaona mara nyingi, na ni furaha ya kweli.

Basi nikaendelea na fomu, na swali la kumi na moja nalo likanisimamisha. "Umewahi kupasuliwa tumbo?" Hili linatafuta zile kamba za kovu. Niliwahi kumhudumia mama muuza omena aliyejibu "la" bila kusita, naye alikuwa amezaa watoto wawili kwa upasuaji. Kovu lilikuwa chini, limefunikwa na leso, na fomu ilijazwa akiwa bado amejifunga. Nilipolikuta wakati wa kumvalisha gauni la thieta nikamuuliza mbona alisema hajapasuliwa. Alinishangaa. "Huko si kupasuliwa tumbo, sista. Huko nilizaa." Kwake kupasuliwa ni ugonjwa, na kuzaa si ugonjwa. Swali lilipaswa kumuuliza kuhusu uzazi kwa jina lake, kisha kufungwa mirija, kibole (kidole tumbo) na ngiri, kimoja kimoja.

Si jambo la kupuuzwa. Watu wa Scotland waliwafuatilia wagonjwa karibu 30,000 waliopasuliwa tumbo au viungo vya ndani ya nyonga mwaka 1986. Katika miaka 10 iliyofuata, zaidi ya theluthi moja yao walirudi hospitalini, wastani wa mara mbili kila mmoja, kwa tatizo ambalo lilihusiana moja kwa moja na kamba hizo au yawezekana lilihusiana nazo, au kwa upasuaji mwingine ambao kamba hizo zingeweza kuutatiza. Waliweza kujua kwa sababu kumbukumbu za hospitali zao zimeunganishwa. Mtafiti hakuhitaji kumuuliza mtu kama amepasuliwa. Hata sisi tukiwa na karatasi mambo huwa mazuri. Chanjo ya rotavirasi, kirusi kinachoharisha watoto, ilipoanza kutolewa nchini mwaka 2014, wazazi waliogopa ile habari ya utumbo wa mtoto kuingiana, kwa kuwa chanjo nyingine ya awali iliondolewa Marekani mwaka 1999 kwa sababu hiyo hiyo. Utafiti wa nchi saba za Afrika, Kenya ikiwamo, uliochapishwa mwaka 2018 haukuona hatari hiyo kuongezeka kwa chanjo tuliyoanza nayo. Tarehe za chanjo zina kadi. Upepo hauna kadi, na kovu la mama wa omena halikuwa na kadi. Huko kumbukumbu pekee ni mdomo wa mgonjwa, kwa hiyo mdomo huo uulizwe vizuri.

La tatu ni saa. Hili nililisema kwa ukali kidogo, na Binti akanyamaza. Fomu inataka saa maumivu yalipoanza. Mgonjwa atasema "saa nane usiku". Nimeona kwa macho yangu karani aliyezoea saa za Kiingereza akiandika saa mbili usiku, nane ya Kizungu. Hizo ni saa sita zimeongezwa kwa mgonjwa ambaye aliumwa saa nane kweli, usiku wa manane. Nilipoanza kazi mwaka 1988 madaktari wa upasuaji walikuwa na msemo kwamba jua lisichwe wala lisichomoze juu ya utumbo ulioziba. Leo mambo yamepimwa zaidi. Mapendekezo ya kimataifa yanayoitwa ya Bologna yanaruhusu mgonjwa aliyebanwa na kamba za kovu, asiye na dalili ya utumbo kufa, asubiri hadi saa 72 bila kisu, kwa dripu na mpira wa puani. Hupewa pia dawa ya kung'aa kwenye eksirei kupitia mpira huo. Ikionekana imefika utumbo mpana ndani ya saa 24, kuna tumaini kubwa kwamba njia itafunguka yenyewe. Kwa aliyejisokota au kunaswa kwenye ngiri iliyokaza hakuna kusubiri hivyo. Sasa daktari anayehesabu 24 na 72 kwa makini namna hiyo, mwanzo wa hesabu yake utakuwaje ikiwa saa nane imegeuka saa mbili?

Ombi langu kwa watafiti wetu na kwa kamati za maadili ni dogo. Fomu za ridhaa mnazitafsiri, na ni vizuri. Lakini maswali ya dalili huachiwa muuguzi wa zamu ayatafsiri kichwani saa za usiku, kila mmoja kivyake, kisha majibu yanajumlishwa kana kwamba wote waliulizwa swali moja. Yaandikeni Kiswahili kilichojaribiwa kwa watu wa Mukuru, Kawangware, Eastleigh, kabla ya mgonjwa wa kwanza. Muwaite wauguzi mnapoyaandika, si siku ya kugawa fomu. Na kwa wasomaji: ukifika hospitalini na tumbo limefura, unatapika, na upepo umekatika, usiseme una gesi. Sema haitoki. Na usipitie kwanza kwenye kemisti kununua dawa ya kuendesha. Utumbo ulioziba ukisukumwa unaweza kupasuka.

Binti alikaa hadi giza likaingia. Tulifuta kwa penseli, tukaandika, tukafuta tena. Alitaka neno la heshima zaidi, mimi nikataka neno lisilokosea, na mwisho tukaweka yote mawili. Tuliongeza pia saa, kwa sababu mtu aliyeziba anaweza bado kutoa kile kilichokuwa chini ya kizuizi katika saa za mwanzo, na "ndiyo" peke yake haitoshi. Fomu inaenda kwa kamati mwezi ujao. Swali la saba sasa linasomeka hivi, na yeyote mwenye kuliona lina kasoro aniandikie kupitia gazeti hili:

"Niwie radhi kwa swali hili. Tangu tumbo lianze kuuma, umejamba, yaani upepo umetoka kwa njia ya haja kubwa? Kama umetoka, mara ya mwisho ilikuwa lini: asubuhi, mchana, jioni au usiku, na saa ngapi kwa saa za Kiswahili?"

Muuguzi mstaafu,
Jericho, Nairobi